Sensa ya presha ya D-Jetronic ukiwa Mwanza: uisetie mezani, uitunie barabarani au uagize iliyofufuliwa?

Kama una Mercedes 280E ya mwanzoni mwa miaka ya 70, au Volvo 1800E, au VW Type 3 ambayo bado ina injekshen yake ya kiwandani ya Bosch D-Jetronic, basi kesi yenyewe unaijua. Gari inawaka vizuri, ikitembea kidogo inaanza kula mafuta kama imetumwa, moshi mweusi, plagi nyeusi tii, na kila gereji unayopita wanakwambia toa hayo mavitu weka kabureta mzee upumzike. Ukibahatika kupata fundi anayeujua mfumo atakuonyesha kile kikopo cha chuma kilichofungwa kwenye bodi, chenye mpira mmoja unatoka manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) na soketi ya waya nne, atakwambia shida iko hapo. Anaweza kuwa sawa. Sasa unaanza kuuliza watu na kila mtu anakupa njia yake, mmoja anasema nunua mita uisetie mwenyewe, mwingine anasema funga sensa ya oksijeni uitunie ukiwa unaendesha, wa tatu anasema agiza nje. Zote tatu zinafanya kazi, ila hazifanyi kazi kwa mtu yuleyule, na hapa kwetu ziwani kuna jambo moja la mwinuko ambalo linabadilisha hesabu na watu wengi hawalisemi.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Nimechagua vinne tu. Vifaa na hela, maana yake nini unanunua na nini unaweza kuazima hapahapa mjini. Usahihi, hasa ukizingatia tuko juu na siyo usawa wa bahari. Hatari ya kuiua sensa, kwa sababu spea yake hauikuti dukani Makoroboi. Na cha mwisho gari inakaa chini muda gani. Bei sitaji kwa shilingi maana zinabadilika, nitasema tu ipi nzito ipi nyepesi.

Kabla hujachagua chochote, jua kama ni mbovu kweli

Hii kila mtu lazima afanye, haijalishi baadaye unaenda njia gani. Ndani ya hicho kikopo kuna vikopo viwili vidogo vilivyotolewa hewa kabisa, vinatanuka na kusinyaa kufuatana na presha ya manifodi, vinasukuma kipande cha chuma ndani ya koili mbili. Presha ikipanda chuma kinaingia, indaktansi ya koili (sifa yake ya sumaku, ambayo ndiyo kontrol boksi inaisoma) inapanda, kontrol boksi inafungua nozo kwa muda mrefu zaidi. Vakyumu ikiwa kubwa inakuwa kinyume, mafuta kidogo. Matoleo ya baadaye yana pia dayaframu ya chuma chembamba ambayo upande mmoja inaona manifodi na upande mwingine inaona hewa ya nje, hiyo ndiyo inayoongeza mafuta ukikanyaga mpaka mwisho, na hiyo ndiyo inayochanika kwa uzee.

Chukua malta-mita ya kawaida, chomoa soketi, pima kwenye sensa. Kati ya pini 7 na 15 unatakiwa kupata kama omu 90, kati ya 8 na 10 kama omu 350, na pini yoyote kwenda kwenye bodi ya sensa isisome chochote. Hizo namba ni za baridi ya Ulaya, shaba inaongeza ukinzani ikipata joto, kwa hiyo ukipima saa nane mchana gari imesimama juani Igoma ukaona 94 na 366 usishtuke, ni sawa kabisa.

Halafu vakyumu. Pampu ya mkono ile ya kutolea hewa kwenye breki inatosha, vuta, funga, angalia mshale. Ikikaa dakika kadhaa bila kushuka dayaframu ni nzima. Hapo ndipo watu wanahukumu haraka. Kuna siku nilikuwa gereji moja Nyakato, fundi kijana amefunga pampu kwenye sensa ya Mercedes ya mzee mmoja, mshale unashuka taratibu, mzee kasimama pembeni mikono nyuma.

"Kijana, umeshuka huo."

"Subiri mzee wangu, tubane mpira kwanza."

Akachukua koleo ya mdomo mpana, akaufunga kitambaa mpira usikatike, akaubana palepale mpira unapoingia kwenye sensa, akavuta tena. Mshale ukaendelea kushuka vilevile. Maana yake sensa haihusiki tena hapo, imeshatengwa, kinachovuja ni mpira au pampu yenyewe. Wakakata kipande cha mpira mpya wa petroli, wakafunga upya, mshale ukasimama. Sensa ilikuwa nzima, ikahamia kwenye orodha ya wasio na hatia na wakaenda kuangalia presha ya mafuta.

Na hilo nalo ni la muhimu. Presha ya reli inatakiwa kama bar 2, sensa ya joto ya injini isiwe imekufa, pointi za chini ya distribyuta, zile zinazoiambia kontrol boksi lini ifungue nozo, ziwe safi, nozo zisidondoshe, swichi ya throto iwe imekaa sawa. Moja ya hizo ikiwa mbovu halafu ukaanza kuzungusha skrubu za kusetia zilizo ndani ya sensa ya presha, unaficha ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine.

Jambo la mwinuko

Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Presha ya kweli ya hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Kwa inchi za zebaki, ambazo ndizo ziko kwenye geji nyingi, sisi tuna kama 26.1 na Dar wana 29.9. Tofauti karibu inchi 3.8. Usidanganywe na programu ya hali ya hewa kwenye simu ikikwambia Mwanza ni milibari 1,015, ile imeshasahihishwa iwe kama uko usawa wa bahari. Simu zenye barometa ndani ndizo zinakupa ya kweli, utaona inazunguka 885 hivi.

Kwa nini inahusu? Kwa sababu geji ya vakyumu inapima tofauti na hewa ya nje, ila vile vikopo vya ndani ya sensa vinapima presha kamili. Majedwali ya D-Jetronic yanayozunguka mtandaoni yameandikwa kwa vakyumu, na aliyeandika alikuwa karibu na bahari. Akisema inchi 15, kwake imebaki presha ya 14.9. Wewe Mwanza ukivuta 15 imebaki 11 tu. Ukitaka kufika alipokuwa yeye vuta 11.2. Ukivuta 15 ukaona namba iko chini, ukadhani sensa inabana mafuta, ukaifungulia, umejitengenezea moshi mweusi kwa mikono yako.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Njia ya 1: kuisetia mezani kwa mita ya LCR

*Vifaa na hela.* Unahitaji mita inayosoma indaktansi, malta-mita ya kawaida haifai hapa. Pampu ya vakyumu yenye geji nzuri, na hapo Mwanza tuna bahati, mji una viwanda vya samaki na mafundi friji wamejaa, ukiongea vizuri utaazimwa pampu. Geji zao lakini angalia, ile ya rangi ya buluu ina upande wa vakyumu umebanwa kwenye kipande kidogo cha duara, inchi moja huioni vizuri, pampu waazime ila geji tafuta ya vakyumu tupu. Mita ya LCR pengine uagize Dar, ije na basi uichukue stendi Nyegezi. Kwa ujumla ni njia ya hela ya kati, na vifaa vinabaki vyako.

*Usahihi.* Mkubwa, ukiwa na namba za sensa yako hasa. Namba iko ubavuni, inaanza na 0 280 100 halafu tarakimu tatu, hizo tatu ndizo zinasema ni ya gari gani. Ukitumia namba za Porsche 914 kwenye sensa ya Volvo umepotea kabla hujaanza. Pia mita yenyewe, koili ina chuma ndani kwa hiyo ukibadilisha masafa (frikwensi) ya kupimia namba inabadilika, linganisha na mtu aliyetumia masafa yaleyale.

Hesabu ya mwinuko inaingia hapa kwa nguvu zote. Mstari wa inchi 15 kwenye jedwali unaupata kwa 11.2, safi. Mstari wa 4 unakaribia kabisa hewa ya kawaida ya Mwanza bila kuvuta chochote. Mstari wa sifuri huwezi kuufikia, ungehitaji kusukuma hewa ndani, na tafadhali usichukue kompresa ya tairi ukajaribu. Kuna kamtego hapo lakini: kwenye sensa zenye dayaframu, ile dayaframu inaangalia tofauti ya ndani na nje, siyo presha kamili, kwa hiyo hewa ya wazi ya Mwanza na inchi 4 za pwani vikopo vinaona kitu kilekile ila dayaframu haiko mahali pamoja. Usiusetie mstari wa 4 kwa kuuamini. Mwendo wa kawaida, ule wa 11.2, ndio wa kuaminika mezani.

*Hatari.* Ipo. Ili ufike kwenye skrubu lazima uondoe ile plagi ya gundi ngumu iliyozibwa kiwandani, na ukitumia drili bila kuweka alama ya mwisho kwenye ncha unaweza kupiga ndani. Skrubu zenyewe zimegandishwa na rangi, ukilazimisha unaweza kusokota dayaframu ikachanika, na hapo umeshatoka kwenye kupima umeingia kwenye kuagiza. Andika namba za mwanzo kabla hujagusa chochote, weka alama ya kalamu mahali skrubu ilipokuwa. Upande wa kuzungusha usimuulize mtu, geuza kidogo sana uone mita inaelekea wapi.

*Muda.* Mchana mmoja vifaa vikiwa tayari. Vifaa kufika ndiyo habari nyingine.

*Inamfaa* mtu mpole mwenye meza, anayependa namba, na hasa mwenye gari zaidi ya moja au gereji inayopokea za wengine.

Njia ya 2: kuitunia kwenye gari kwa sensa ya oksijeni ya waidibendi

*Vifaa na hela.* Seti ya waidibendi, yaani sensa ya ekzosi inayosoma uwiano wa hewa kwa mafuta, na geji yake, na nati ya kuchomelea kwenye bomba la ekzosi, nyuzi M18 kwa 1.5. Kuchomelea siyo shida, mafundi wa ekzosi hawajawahi kukosekana. Seti yenyewe ndiyo hela, na zile za bei ya kutupa zinasoma ovyo. Petroli ya siku hizi haina risasi kwa hiyo sensa haifi haraka kama ambavyo ingekufa zamani, ingawa injini inayokula oili itaichafua tu.

*Usahihi.* Hapa uzuri wake ni kwamba huna haja ya jedwali la mtu. Unaangalia injini yako inachoma nini, kwa hewa ya hapa, kwa nozo zako zilizochoka kiasi zilivyochoka. Mwendo wa kawaida lenga uwiano wa hewa kwa mafuta kati ya 14 na 14.7, ukikanyaga mpaka mwisho 12.5 hadi 13. Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga) usiitunie kwa sensa ya presha, matoleo mengi ya kontrol boksi yana kitufe cha kuzungusha ambacho kinagusa silensa tu, tumia hicho.

Ubaya wake, unatuni sehemu unayoendesha peke yake. Mwanza hujawahi kuona kilopaskali 101 kwenye manifodi na hutaona. Ukiisetia mzigo mkubwa hapa vizuri kabisa halafu ukashuka nayo Dar kwa harusi, sehemu ile ya juu haijawahi kuguswa na mtu. Vikopo vitajirekebisha vyenyewe kwa kuwa ndiyo kazi yao, ila kama umehamisha stopu ya dayaframu (skrubu inayozuia mwendo wake) kwa kubahatisha, huko ndiko itajitokeza. Na ekzosi ikivuja hata kidogo kabla ya sensa inavuta hewa ya nje, geji inakwambia mafuta kidogo, wewe unaongeza, unaongeza, unaongeza.

*Hatari.* Skrubu ni zilezile na plagi ya gundi ni ileile, kwa hiyo hatari ya kuchana iko palepale, ikiongezwa na ya barabarani. Usisome geji huku unaendesha, mchukue mtu. Kukanyaga mpaka mwisho tafuta sehemu tupu, baada ya Usagara kuelekea Misungwi panafaa asubuhi mapema, ila tochi za trafiki zipo na hawatakuelewa ukiwaambia ulikuwa unakalibreti. Kilima cha Bugando kinakupa mzigo mkubwa kwa spidi ndogo, mimi napendelea hicho kuliko kukimbiza gari tambarare.

*Muda.* Ni kidogokidogo, jioni hii na jioni ile, na gari inaendelea kutembea.

*Inamfaa* anayeendesha gari kila siku, ambaye injini yake haiko kama ilivyotoka kiwandani, kamshafti imebadilishwa au bomba la ekzosi siyo lake. Kwa huyo jedwali la kiwandani halina maana sana hata lingekuwa sahihi.

Njia ya 3: kuagiza iliyofufuliwa

*Vifaa na hela.* Vifaa hakuna, hela ndiyo nyingi. Ulaya na Marekani kuna watu wanabadilisha dayaframu na kuisetia upya kwenye benchi yao. Ongeza usafiri na ushuru, na wengi wanataka uwatumie yako ya zamani, kwa hiyo unalipa kwenda na kurudi.

*Usahihi.* Kwa mtu wa Mwanza hili linashangaza watu, ila sensa iliyosetiwa vizuri huko kwao usawa wa bahari ikija hapa inafanya kazi bila kuguswa. Vikopo vinasoma presha kamili, kwa hiyo vinajua vyenyewe kwamba hewa ya ziwani ni nyepesi na vinapunguza mafuta. Ukiwekewa sensa iliyotengenezwa vizuri halafu fundi wa hapa akasema "hii ni ya Ulaya lazima tuirekebishe kwa mwinuko wetu", mshukuru, funga boneti. Cha kuhakiki ni tarakimu tatu za mwisho tu, zinazofanana kwa macho hazifanani ndani.

*Hatari.* Kwa sensa ndogo, kwa pochi kubwa. Ikija ikiwa siyo yenyewe kuirudisha ni safari nyingine. Mwambie muuzaji akutumie namba za vipimo vyake kwa presha kamili, siyo kwa vakyumu, ili na wewe uhakiki ikifika.

*Muda.* Wiki, mara nyingine zaidi, gari imefunikwa turubai.

*Inamfaa* mwenye sensa iliyochanika, na mwenye gari ya kiwandani mtupu anayetaka ibaki hivyo.

Kwa hali yako sasa

Sensa yako ikishindwa kushika vakyumu baada ya kubana mpira na kuhakikisha, njia ya 1 na ya 2 zimeshafungwa, huwezi kusetia kitu kinachovuja. Ni ya 3, au kama una mkono mwepesi kweli agiza dayaframu peke yake ubadilishe kisha uisetie mezani, ila hapo unahitaji ile mita ya LCR pia, piga hesabu kwanza usije ukalipa mara mbili.

Ikishika vakyumu, omu ziko sawa, na plagi ya kiwandani bado haijaguswa tangu miaka hiyo, mimi ningeiacha kabisa. Sensa ambayo haijafunguliwa mara nyingi bado iko mahali ilipowekwa, shida yako iko kwenye mafuta au joto au pointi. Mita ya LCR ya kuazima kwa kupima tu bila kugusa skrubu inatosha kukutoa wasiwasi.

Ikishika vakyumu lakini plagi imeshatolewa na kuna alama za bisibisi, kuna mtu alishapita hapo. Huyo aanze na njia ya 1 kuirudisha karibu na namba zake, halafu kama bado inasumbua amalizie na ya 2. Ukianza na waidibendi kwenye sensa iliyopotezwa kabisa unazunguka gizani, hujui stopu ipi imehamishwa.

Ukiwa huna LCR na unataka gari itembee wiki hii, na injini ina marekebisho, ya 2. Ukiwa na VW Type 3 ya mwanzoni kabisa, 1968 au 1969, kumbuka sensa yake haina ile dayaframu, kuongeza mafuta kwenye mzigo mkubwa kunafanywa na swichi ya presha ya pembeni, kwa hiyo usitafute skrubu ambayo haipo.

Na mwenye Corolla ya 4A-FE au 5A-FE aliyesoma mpaka hapa akidhani inamhusu, yake ina waya tatu na haisetiwi, inapimwa na kubadilishwa. Washa swichi bila kuwasha injini, kati ya pini ya VC (umeme unaoingia) na E2 (ethi) upate volti 4.5 hadi 5.5. Soma PIM, pini ya signali, kwa hewa ya kawaida, kisha vuta vakyumu uangalie volti inashuka kiasi gani kutoka pale: kwa milimeta 100 za zebaki ishuke 0.3 hadi 0.5, kwa 300 ishuke 1.1 hadi 1.3, kwa 500 ishuke 1.9 hadi 2.1. Kwa kuwa unapima kushuka na siyo namba yenyewe, mwinuko wa Mwanza haukusumbui, ila pampu kali utahitaji kufika 500. Ikikataa, tafuta nyingine kwa mafundi wa spea za mtumba, ukiwa na malta-mita na pampu mkononi uijaribu palepale kabla hujatoa hela.